Bafu la sentimita 120: mahali pa vitu hupatikana kabla ya marumaru

Mwenye bafu jembamba akiniita, neno la kwanza huwa kabati. "Fundi, nataka kabati humu." Kabati la kuweka nini, bado hajakaa akafikiri. Anachojua ni kwamba sabuni ziko sakafuni, ndoo ziko njiani, taulo linaning'inia kwenye kitasa, na dawa ya kusafishia choo imesukumwa nyuma ya choo, mahali ambapo mjukuu ataiona kabla ya mgeni. Mletee kabati la dukani lenye kina cha sentimita 45, ulisimamishe kwenye bafu la upana wa 120: vitu vitapata makao, mwenye nyumba atakosa pa kupita.

Mimi ni fundi wa marumaru na lipu hapa Dar es Salaam. Kazi zangu nyingi ni nyumba za zamani za Magomeni, Ilala na Temeke, zile ambazo choo kilikuwa uani, halafu watoto wakakua, wakapata kazi, wakataka wazazi wao wasitoke nje usiku. Basi kikakatwa kipande cha korido au cha chumba, kikawa bafu. Ndiyo maana mabafu hayo ni marefu na membamba. Nitaeleza kwa kufuata kazi moja, ya bi mkubwa wa Magomeni aliyekuwa anabandua marumaru za zamani aweke mpya. Bafu lake lilikuwa sentimita 120 kwa 250. Mlango uko upande mfupi, dirisha upande mfupi wa pili, ukuta mmoja mrefu umepakana na chumba chake cha kulala, mwingine umepakana na nje.

Ninachoshikilia ni hiki: sakafu ya bafu jembamba ni ya miguu na maji. Vitu viingie ndani ya ukuta, vipandishwe juu ya kichwa, au vikae juu ya kitu kilichojengwa. Na hayo yote yaamuliwe wakati ukuta uko uchi. Marumaru zikishapanda utabaki na vile vijirafu vya plastiki vya kunyonya ukuta, ambavyo huanguka saa nane za usiku na kuamsha nyumba nzima.

Pima vitu kwanza, bafu baadaye

Kabla ya nyundo, nilimwomba atoe kila kilichokuwa bafuni akipange kwenye mkeka barazani. Zikatoka ndoo mbili za lita 20, kata, kopo la kutawadhia, stuli ya plastiki anayokalia akioga kwa sababu ya magoti, beseni la kufulia, dodoki, jiwe la kusugulia nyayo, sabuni ya mche na ya unga, chupa za shampuu za wajukuu, mafuta ya nazi, karatasi za chooni, brashi, mpira wa kukaushia sakafu, na dawa za kusafishia za aina tatu.

Nikapima kina tu. Urefu na upana waachie watu wa fenicha. Kwenye bafu jembamba kinachokuumiza ni kile kinachojitokeza ukutani. Chupa nyingi za shampuu zina sentimita 6 hadi 8. Karatasi ya chooni ina 10 hadi 12. Taulo likikunjwa kisha likaviringishwa huingia kwenye 15. Waliotaka zaidi ya hapo walikuwa watatu tu: ndoo, beseni na stuli. Beseni lilihamia uani kwenye msumari, maana nguo hazifuliwi bafuni. Kwa hiyo kati ya mkeka mzima, shida halisi ilikuwa ndoo na stuli, na vingine vyote vingetosha kwenye rafu isiyofika urefu wa kiganja na vidole vyake.

Fanya hivi nyumbani kwako hata kama fundi wako atakucheka. Andika vitu vyenye kina cha chini ya 10, vya kati ya 10 na 15, na vya zaidi ya hapo. Kundi la kwanza litaingia ukutani. La pili litakaa kwenye rafu za juu. La tatu lijengewe mahali pake, au litoke nje ya bafu.

Njia ya kupita haikopwi

Chukua chaki uchore sakafuni. Choo cha kukaa kinahitaji walau sentimita 40 kutoka katikati yake hadi kitu chochote cha pembeni, kuume na kushoto, na walau 55 za wazi mbele yake. Mimi hupendelea 60 kwa sababu mtu mzima akiinuka huinama mbele. Sehemu ya kuogea isipungue 80 kwa 80, na anayeoga amekaa muongezee. Kisichoingia kwenye chaki hakitaingia kwenye marumaru.

Kwa bi mkubwa, choo kilikuwa kimewekwa ubavuni, kimeegemea ukuta mrefu. Choo chenye urefu wa karibu 68 kwenye bafu la 120 kinakuachia 52, na hapo bado hujahesabu goti. Tukakihamishia mwisho wa bafu, chini ya dirisha, kikitazama mlango. Kuhamisha choo ni gharama, sikufichi: bomba la inchi 4 lazima lifukuliwe na lipewe mteremko mpya mpaka chemba. Kama choo chako kimekaa pazuri, kiache.

Halafu mlango. Mlango wa sentimita 70 unaofunguka kwa ndani hula zaidi ya robo ya urefu wa bafu la namna hii, na ukuta ulio nyuma yake hauwezi kubeba hata rafu. Tuliugeuza ukafunguka kwa nje. Kazi yenyewe ni kuhamisha bawaba na kitasa, na kuangalia kwamba hautagonga mtu anayepita koridoni. Ina faida ya pili ambayo watu huisahau: mzee akianguka bafuni, mwili wake hauzuii mlango wa kufunguka nje. Korido ikiwa nyembamba mno, weka mlango wa kuteleza unaopita juu ya ukuta kwa upande wa nje, lakini ujue harufu na sauti vitapita zaidi.

Maji nayo ni vitu

Michoro mingi ya mabafu ninayoletewa kwenye simu haina ndoo. Picha nzuri, taulo jeupe, jani bichi kwenye chupa, lakini ndoo hakuna. Nilipomwonyesha bi mkubwa mchoro wa mjukuu wake alisema, "Mwanangu, ndoo ndiyo bafu lenyewe. Hayo mengine mapambo." Hakusahau mgao wa mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua na maji yakawa yanatoka kwa zamu mtaa kwa mtaa. Hata mwenye tangi la lita 1,000 uani hutaka akiba ya ndani, kwa siku ambayo umeme umekatika na pampu imelala.

Ndoo ya lita 20 ina mdomo wa karibu sentimita 30 na kimo kisichofika 40. Ndoo mbili sakafuni ni sentimita 60 za njia. Tukazibadilisha kwa pipa la lita 60 lenye mfuniko, likae juu ya jukwaa la kujengwa kando ya choo. Hesabu ya upana ilikuwa hivi: kutoka ukuta wa kushoto hadi katikati ya choo 40, kutoka hapo hadi ukingo wa jukwaa 40, na jukwaa lenyewe 40. Jumla 120. Bafu halikubakiza hata sentimita, na hakuna goti linalogusa kitu.

Jukwaa hujengwa kabla ya marumaru. Inua vikuta viwili vya tofali la inchi 5, kimoja kimeegemea ukuta wa mwisho, kingine kwenye sentimita 80 kutoka hapo. Juu yake mwaga bamba la zege la sentimita 7 lenye nondo za mm 8 kila baada ya sentimita 15. Kimo chote kikiisha kiwe 40 hadi 45. Usidharau nondo: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo pipa lililojaa lina kilo 60 na zaidi, na siku moja mjukuu atapanda juu yake. Ule uwazi wa karibu nusu mita uliobaki chini ndipo stuli, brashi na mpira wa sakafu vinapoingia. Sakafu ya uwazi huo iinuliwe sentimita 2 na ielekee nje, vinginevyo maji ya kuoga yatakwenda kulala humo.

Mwambie fundi bomba atoe koki moja juu ya pipa, ya kulijaza, na mtoboe pipa chini muweke koki ya pili ya kuchotea. Bi mkubwa hainami tena na hanyanyui ndoo. Koki ya chini iwe na kimo cha kutosha kata kuingia chini yake.

Mfuniko ni lazima, na ukae sawasawa. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotulia majumbani, na Dar es Salaam tumeshapitia milipuko ya mwaka 2014 na 2019. Toka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi, hivyo kila wiki pipa limwagwe na kuta zake zisuguliwe, kwa kuwa mayai hushika plastiki hata maji yakiisha. Wazee wa Lamu walikuwa na njia yao: kwenye mabafu ya nyumba za mawe walijenga birika la maji ukutani, wakaweka ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na chini wakachimbia bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kujificha. Nimeliona birika la namna hiyo, na kila ninapojenga jukwaa la pipa huwaza kwamba wale mafundi walikwisha maliza hesabu hii zamani.

Kidaka, kazi yenye faida kubwa kuliko zote

Kidaka ni tundu la kuwekea vitu lililo ndani ya ukuta wenyewe. Huko Lamu utaona pia zidaka za chumba cha ndani, safu kwa safu, ukuta mzima ukiwa rafu. Kuta zao za matumbawe na chokaa ni nene, zinavumilia. Zetu za tofali la saruji zinahitaji adabu zaidi, lakini kidaka kimoja au viwili kwenye sehemu ya kuogea vitameza kundi lote la vitu vyenye kina cha chini ya sentimita 10, bila kuchukua njia.

Chagua ukuta. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua uache. Ukuta wa jirani si wako. Nguzo, mkanda wa zege, na mahali ambapo boriti inaketi, usiguse. Ukuta wa tofali la inchi 5 pia usiuchimbe. Hautabaki na mgongo. Kinachofaa ni ukuta wa ndani wa inchi 6 uliojengwa kwa tofali zisizo na tundu. Kwa bi mkubwa ulikuwa ule wa chumba cha kulala. Kabla ya kuchimba, zima umeme kwenye swichi kuu na utazame upande wa pili: waya wa swichi na soketi kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka pale kifaa kilipo. Bomba la maji nalo lifuatilie kutoka kwenye koki yake.

Saizi ya kidaka iamuliwe na marumaru. Zetu zilikuwa sentimita 30 kwa 60, zikisimama. Safu ya kwanza inatoka sakafuni hadi 60, ya pili 60 hadi 120. Kidaka kikachukua nafasi ya marumaru moja nzima ya safu ya pili: upana 30, kimo 60. Hakuna vipande vya ajabu vya kukata pembeni, na mistari inafuatana. Juu ya hilo, urefu huo unafaa watu wawili: sakafu ya kidaka kwenye 60 ni ya bi mkubwa aliyekaa kwenye stuli, na rafu ya katikati kwenye 90 ni ya wajukuu wanaooga wamesimama. Watu wengi hupandisha kidaka hadi 120 kwa kuiga picha, halafu bibi mwenye nyumba ananyoosha mkono kama anayeomba lifti.

Kina ni hesabu ndogo. Tofali la inchi 6 ni sentimita 15. Lipu pande zote mbili huongeza karibu 3. Ukuta mzima 18. Tulichimba 10 na nusu kutoka uso wa lipu ya zamani, tukabakiza 7 na nusu. Ndani tukarudisha sentimita 2 za lipu, gundi na marumaru. Uso wa mbele wa bafu ukaongezeka sentimita 1 kwa marumaru mpya. Kina kilichopatikana ni 9 na nusu, na chupa ya shampuu inaingia na kutoka bila kugombana na mtu.

Kuchimba kwenyewe kuna mpangilio, na hapa ndipo vijana huharibu:

1. Wiki moja kabla, mwaga chini lenta ndogo, ile boriti ya zege itakayobeba tofali za juu ya tundu: sentimita 65 kwa 10 kwa 10, nondo mbili za mm 10 ndani. Ifunike kwa gunia, ilowane kila siku.
2. Chora kidaka kwa pima maji. Tundu liwe sentimita 34 kwa 64, ili lipu na marumaru za pembeni zikiingia upate 30 kwa 60.
3. Kata kwa grainda mfereji wa lenta tu, juu ya tundu. Ingiza lenta, ilale sentimita 15 kila upande, jaza saruji juu na pembeni bila kuacha uwazi. Iache siku mbili au tatu.
4. Sasa ndipo ukate mistari ya tundu lenyewe kwa grainda, kisha utoe kwa tindo nyembamba, kidogo kidogo kutoka katikati. Nyundo kubwa haina kazi hapa. Mgongo wa sentimita 7 na nusu utapasuka, na picha ya harusi upande wa chumbani itashuka.
5. Piga lipu ndani. Pale lenta inapokutana na tofali, tandika waya wa kuku kwanza, usije kuona ufa baadaye.
6. Sakafu ya kidaka iteremke mbele milimita 3 hadi 5. Ikiwa bapa, sabuni itaishi ndani ya uji.

Grainda ikikata tofali ndani ya bafu jembamba huwezi kuona mkono wako. Miwani, barakoa, dirisha wazi, na mlango wa ndani uzibwe kwa shuka lililolowa.

Lipu ikikauka, pakaa dawa ya kuzuia maji, ile ya unga wa saruji unaokorogwa na maji yake meupe. Mikono miwili, yaani paka mara mbili, wa pili ukikatiza wa kwanza. Kwenye kona za ndani za kidaka na pale sakafu inapokutana na ukuta, laza utepe wa kitambaa ndani ya mkono wa kwanza ungali mbichi. Kwenye sehemu ya kuogea panda hadi 180 kutoka sakafuni. Mwenye nyumba akitaka kuokoa fedha, asiokoe hapa: maji yakipita kwenye kidaka yanatokea kichwani mwa kitanda.

Rafu ya katikati iwe kipande cha granaiti. Nenda kwa wakata granaiti wa kaunta za jikoni. Huwa wana mabaki. Kipande kiwe kipana kuliko kidaka kwa sentimita 2, kiingie sentimita 1 kila upande ndani ya ukuta kabla marumaru za pembeni hazijabandikwa. Kingo za mbele za kidaka zimalizie kwa pembe ya alumini. Kukata marumaru nyuzi 45 hupendeza, ila mashine ikiwa ya wasiwasi ukingo utakuwa na meno, na bafuni watu wako bila nguo.

Nyuma ya choo na juu ya mlango

Kwa kuwa bomba za maji zilikuwa zinahama, hatukuzichimbia kwenye ukuta wa dirisha. Tulizipitisha mbele yake, tukazifunika kwa kikuta kifupi chenye kina cha sentimita 15 na kimo cha 105, kikatokea rafu juu ya tangi la choo yenye urefu wa 80. Hapo panakaa karatasi za chooni na kopo. Koki ya kufungia maji ya choo isifunikwe ndani. Na kabla ya kukijenga pima kutoka uso wa ukuta utakaokuwepo, marumaru zikiwamo, hadi katikati ya tundu la choo. Nunua choo kwa kipimo hicho, si kwa rangi.

Juu ya mlango, karibu na dari, kuna upana wa mita moja na ushei ambao hakuna anayeuona. Kwenye nyumba hii mlango uliishia 210 na dari ilikuwa 280. Tuliweka rafu ya mninga kwenye 220, yenye kina cha 30, ikitoka ukuta hadi ukuta, imeshikwa na vyuma vya L. Ni mahali pa vitu vikavu na vyepesi: taulo za akiba, bando la karatasi, shuka la mgeni. Kitu cha majimaji kisipande huko. Kikimwagika, kinamwagikia mtu usoni. Paka vanishi pande zote sita za ubao, hata ule ukingo unaogusa ukuta, kwa sababu mvuke huingia pale pasipopakwa.

Sinki na kabati lake

Sinki la kunawia likae karibu na mlango, kina chake kisizidi 30. Madogo yapo madukani. Chini yake ndipo kabati linaruhusiwa, kwa masharti mawili. Kwanza lining'inie, chini yake pabaki sentimita 25 za wazi ili maji yapite na fagio lipite. Pili, lisiwe la MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Najua linauzwa limeng'aa. Kwenye bafu ambalo sakafu yote hulowa, kingo za chini huvimba, rangi inachubuka, mlango unagoma kufunga. Nenda kwa mafundi wa alumini wakutengenezee fremu ya alumini na paneli za PVC, bawaba zisizoshika kutu. Sisi tuko pwani, chumvi iko hewani hata usipoionja.

Kabati hilo liwe na kufuli ndogo, maana ndilo litabeba dawa za kusafishia. Zile za klorini na zile za asidi za kutoa ukoko wa choo msiziweke pamoja kabisa; zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na bafu jembamba halina hewa ya kukuokoa. Ya asidi tuliihamishia stoo. Kwa ajili ya hewa hiyo hiyo, usikubali rafu yoyote izibe dirisha, hata ukishawishiwa kwamba kuna nafasi nzuri pale. Kama mna shawa ya umeme, usiweke rafu juu yake wala taulo karibu na waya wake.

Kutoboa bila kupasua

Vitu vizito, yaani kabati, rafu ya mlango na lile shikio la chuma alilohitaji bi mkubwa kuinukia, huamuliwa mahali pake kabla ya marumaru. Tofali za mitaani nyingine zina mchanga kuliko saruji. Drili ikiingia, tundu linakuwa unga na fisha, kile kiplastiki kinachoshika skrubu, inazunguka. Kwa hiyo pale skrubu zitakapoingia, chimba shimo la ngumi na ulijaze zege la moja kwa mbili kwa tatu (saruji, mchanga, kokoto). Halafu piga picha kwa simu, futi ikionekana kutoka sakafuni na kutoka kona. Bila picha hiyo utabahatisha.

Marumaru zikishashika, bandika utepe wa karatasi pale unapotoboa ili drili isiteleze. Anza bila kuwasha nyundo ya drili, ule mdundo wake, taratibu, mpaka umevuka marumaru. Hapo ndipo uwashe nyundo. Kwa zile ngumu za posiline tumia biti ya almasi na uwe unailowesha. Kaa mbali na ukingo wa marumaru. Fisha izame yote ndani ya ukuta. Ikibaki ndani ya marumaru, ukikaza skrubu inatanuka na kuipasua. Tundu lijazwe silikoni kabla ya skrubu, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Nani anaingia kabla ya nani

Fundi bomba na fundi umeme kwanza, kila mmoja amalize mabomba na mifereji yake. Kisha lenta, vidaka, jukwaa, kikuta cha choo, na mashimo ya zege ya skrubu. Lipu. Sakafu ipewe mteremko wa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Dawa ya kuzuia maji. Ikikauka, ziba tundu la sakafu, jaza maji ya sentimita 3, yakae saa 24, na umtume mtu akaguse kuta za upande wa pili. Hakuna marumaru inayobandikwa kabla ya jaribio hilo, hata kama fundi ana kazi nyingine inayomsubiri Kimara. Ndipo marumaru, ukianza na ukuta wenye kidaka ili mistari yake iongoze kuta nyingine. Grauti, ile ya kujaza mistari kati ya marumaru. Choo na sinki. Makabati na rafu mwisho, na silikoni kwenye kona zote za ndani za kidaka, pale ambapo grauti ingepasuka. Mpe silikoni saa 24 bila maji. Familia ioge kwa jirani.

Marumaru zilizobaki usimwachie fundi aondoke nazo, hata akiwa mimi. Weka walau boksi moja, pamoja na kipande cha boksi chenye namba ya toleo, kwa sababu toleo jingine la marumaru hiyo hiyo linaweza kuja na rangi iliyopishana kidogo. Boksi ni zito, lisipande juu ya mlango. La bi mkubwa liko chini ya kitanda.